Usugu wa Dawa, Ng'ambo ya Kigamboni
Hospitali ya Ocean Road, ng'ambo ya maji kutoka Kigamboni, ilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, na leo ni taasisi ya saratani. Enzi hizo Robert Koch alichunguza malaria Dar es Salaam. Karne moja baadaye vimelea vya malaria viliishinda dawa ya klorokwini, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha. Baadhi ya saratani za mapafu hupita njia ileile: dawa huziba protini ya EGFR inayochochea seli kukua, protini hubadilika umbo, dawa hukosa pa kushika. Kwa hiyo naliona zito wazo lililochapishwa mwaka huohuo wa 2001: badala ya kuzibwa, protini nzima ivunjwe na mitambo ya seli yenyewe. Wengine watasema shida yetu ni kuchelewa kufika hospitalini. Ni kweli, ila usugu humkuta hata aliyewahi. Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba seli zaweza kuiharibu mitambo hiyo pia. Basi usugu ufuatiliwe tangu dozi ya kwanza.