Tufaha Kabla ya Wiski

Kila ifikapo Septemba, baa nyingi za Marekani huichukua kokteli kongwe iitwayo Old Fashioned, zikaondoa wiski, zikatia brandi ya tufaha, mdalasini na karafuu, kisha zikainadi kuwa ladha mpya ya majira ya majani kupukutika. Upya huo una walakini. Mei 13, 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilimjibu msomaji aliyetaka kujua kokteli ni kitu gani: ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bita. Wiski haikutajwa. Na kwa wakulima wengi wa kaskazini-mashariki, pombe kali ya karibu ilitoka kwenye mitufaha yao wenyewe. Mtufaha uliooteshwa kwa mbegu aghalabu huzaa matunda makali yasiyolika, ila yakikamuliwa hutoa maji mazuri ya kuchachusha. Pombe hiyo iliachwa nje usiku wa baridi, barafu ikaondolewa, iliyobaki ikawa kali: ndiyo applejack. Wengine waliinereka kwa mitambo; familia ya Laird ya New Jersey ilikwisha kuifanyia biashara mwaka 1780.

Atakayesema kwamba jina Old Fashioned ni la wiski na halina mshirika, avitazame vitabu vya wahudumu wa baa. Cha Jerry Thomas, cha 1862, kina kokteli ya brandi, ya jini na ya wiski. Mwaka 1895 George Kappeler bado aliona haja ya kutaja wiski ndani ya jina lenyewe. Lingekuwa linajitosheleza, asingejisumbua. Wiski ilitawala baadaye, kwa nguvu ya nafaka tele za magharibi.

Pingamizi zito zaidi ni la majira, na hapo nakubali: wazee wale waliinywa pombe ya tufaha mwaka mzima. Mapukutiko yalikuwa msimu wa kuvuna na kukamua, si wa kunywa. Wanaodai ladha ya msimu wanaegemea zaidi viungo, hasa karafuu, ambayo katika karne ya 19 ilitoka kwa wingi Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa. Mkarafuu, kwa taarifa yao, haupukutishi majani.