Jiwe Zito la Milima ya Urundi

Sisi tukaao Isevya, mjini Tabora, twaishi kando ya njia kuu ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji katika ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, mahali hapa waliita Kazeh, nao waliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha jenga nyumba zao. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kilo 30 au kuzidi. Kwenda pwani alichukua pembe. Kurudi alichukua merikani, ushanga na masango, yaani nyaya za shaba.

Wazee wale walijua sana mali ya ardhini. Chumvi ya Uvinza waliijua, na shaba ya Katanga, na chuma cha kufulia majembe. Kitu kilichojulikana matumizi yake kilikuwa na bei, na chenye bei hakikukosa mchukuzi. Lakini kaskazini ya Ujiji, katika milima ya Urundi ielekeayo ziwa, palikuwa na jiwe ambalo msafara haukulichukua. Habari za jiwe hilo twataka kuzieleza hapa.

Jiwe lenyewe huitwa bastinesaiti. Rangi yake ni manjano kama asali, au nyekundu iliyoingia kahawia. Si gumu sana, kisu kizuri chaweza kulikwaruza. Lakini ni zito, karibu mara mbili ya jiwe la kawaida la ukubwa ule ule. Hukaa kama mishipa ndani ya miamba. Pamoja nalo huonekana ndugu yake, monazaiti, ambayo mahali pengine huchukuliwa na mito hata baharini, ikawa mchanga mzito wa pwani.

Ndani ya mawe haya mna yale yaitwayo madini adimu, ambayo jumla yake ni 17: seriamu, neodimiamu na wenzao. Jina hili ladanganya kidogo, maana seriamu ni nyingi ardhini kuliko risasi. Shida ni kwamba mara nyingi yametawanyika, tena yafanana mno, hata kuyatenga ni kazi kubwa ya dawa kali na ya ujuzi.

Tena mna thoriamu, kidogo katika bastinesaiti, zaidi katika monazaiti. Thoriamu hutoa mionzi isiyoonekana, nayo huisha polepole mno: nusu yake hupungua kwa miaka bilioni 14. Mionzi yake mingi huzuiwa hata na karatasi. Hatari ni vumbi lake likivutwa mapafuni, na masazo ya kiwandani, ambamo thoriamu hukusanyika. Basi mawe haya yasitwangwe bila kujifunika pua na kinywa, wala masazo yasitupwe karibu na visima.

Seriamu ilitambulikana mwaka 1803, katika jiwe la machimbo ya Bastnäs, nchi ya Uswidi. Na machimbo hayo ndiyo yaliyolipa bastinesaiti jina lake. Mwaka 1891 Carl Auer von Welsbach wa Austria alitengeneza kifuko cha taa kwa sehemu 99 za thoriamu na 1 ya seriamu. Ndicho kile kifuko cheupe kilichong'aa katika taa zetu za karabai. Mwaka 1903 akatengeneza kijiwe cha kiberiti cha petroli kwa seriamu na chuma. Hivyo wengi wetu tuliwasha madini haya bila kuyajua jina.

Huko Urundi, mahali paitwapo Gakara, kusini ya Bujumbura, uchimbaji ulianza mwaka 1948 chini ya Wabelgiji, ukaendelea kwa vipindi hata 1978. Kisha neodimiamu ikapata kazi kubwa: kutengeneza sumaku zenye nguvu za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Mwaka 2017 kampuni ya kigeni ikaanza kuchimba tena Gakara, na mawe yakapelekwa nje bila kutengwa. Mwaka 2021 Serikali ya Burundi ikasimamisha kazi, ikisema nchi haipati haki yake. Kwetu Tanzania bastinesaiti iko Ngualla, mkoa wa Songwe. Katika mapatano ya mwaka 2023 Serikali ilipewa hisa 16 kwa mia.

Tukumbuke habari za pembe. Mpagazi wa Unyanyembe alipata ujira wa mabega yake. Faida kubwa ilikuwa ya aliyejua bei ya huko ng'ambo. Jiwe hili nalo, likitoka ghafi, thamani yake hukuzwa na yule ajuaye kulitenga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu wasilifanye somo la kemia kuwa la kukariri tu, na wazazi wasiwatoe watoto shuleni mapema. Miongoni mwa watoto hao ndimo watakamotoka watakaoipima mizigo ya nchi yetu kabla haijafika pwani.