Khedive Ismail: Msiba wa Baharini Unaotuhusu

Vita Kuu ya Pili ya Dunia husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa ya Wazungu na Wajapani tu. Kisa cha meli ya Khedive Ismail kinapinga dhana hiyo.

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli hiyo ya abiria, iliyogeuzwa kuwa ya kusafirisha wanajeshi, iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi wa kike na wanajeshi 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa walikuwa 214 tu.

Msiba haukuishia hapo. Nyambizi ilijificha chini ya maji palepale manusura walipokuwa wakielea. Manowari ya Uingereza, Petard, ilitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji katikati yao, na baadhi yao wakauawa. Baadaye I-27 iliibuka, ikazamishwa.

Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi? Wanaoutetea husema kwamba msafara ulikuwa na meli nyingine nne zilizojaa wanajeshi, na nyambizi ingeweza kuzishambulia pia. Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Hata hivyo, kuhesabu waliookolewa hakutuondolei wajibu wa kuwahesabu waliotolewa kafara. Tena, askari Waafrika walikufa kwa ajili ya dola iliyowatawala bila kuwapa sauti juu ya vita vyenyewe.

Sisi Wanyarwanda hatuna bahari, lakini tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya wenzetu wa pwani tu. Miaka hiyohiyo, 1943 na 1944, njaa ya Ruzagayura iliua watu wengi nchini mwetu, na matakwa ya vita ya Wabelgiji yaliizidisha. Wahenga walisema ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Majina ya askari wa Khedive Ismail yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Yanastahili pia kutajwa katika madarasa yetu.