Waliopita Njia Hiyo: Somo la Historia kwa Huduma ya Familia Karagwe na Kyerwa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Wananchi waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo zilizoletwa kwa biashara kutoka Uganda. Na wengi, Wakristo wakiwamo, waliuhesabu kuwa laana. Mkoa ulikuwa umetoka vitani mwaka 1979, na Dayosisi ya Karagwe, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ilikuwa bado changa. Wilaya ya Karagwe wakati ule ilijumuisha pia Kyerwa, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2012.

Kanisa lilikuwa na Hospitali ya Nyakahanga, na lilikuwa na wachungaji wa kuzika. Lakini kati ya kitanda cha hospitali na kaburi palikuwa na nyumba. Humo alikaa mjane asiyejua kama ataachiwa shamba la migomba, bibi aliyeanza kulea upya katika uzee wake, na mtoto aliyemwogesha baba yake. Katika nyumba hizo mtumishi mwenye elimu aliweza kukosa neno, na jirani aliyekwisha kufiwa akalipata.

Wa kwanza kuligeuza jambo hili kuwa huduma yenye utaratibu walikuwa wenye msiba wenyewe. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe Januari 1987. Mwaka huohuo yeye na wenzake, wengi wao wakiwa na virusi, walianzisha TASO. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA huko Dar es Salaam, na jina lake lenyewe, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, lasema chama ni cha nani. Nshamba, wilayani Muleba, yatima waliolelewa na mradi wa Humuliza waliunda chama chao, Vijana Simama Imara. Mwaka 1992 kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana la Uganda alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mateso peke yake humfanya mtu kuwa mwalimu. Aliyeumia bila kusaidiwa aweza kumwaga huzuni yake juu ya mwenzake, au kutoa siri ya nyumba. Ndiyo maana TASO ilitilia mkazo mafunzo ya unasihi: kusikiliza, kutunza siri, kutambua saa ya kumpeleka mtu hospitalini.

Tangu serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, wasaidizi wa namna hii hawafi mapema kama wale wa awali. Katika sharika zetu wamo watu wenye uzoefu wa miaka ishirini: wa kumeza dawa kila siku, wa kumwambia mtoto ukweli, wa kudai urithi. Nasi twawafanyia nini? Twawaita madhabahuni watoe ushuhuda, kisha twawarudisha benchi la nyuma, bila mafunzo wala nauli.

Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 1:3–7, aunganisha faraja tuliyopokea na faraja tunayotoa. Basi kila usharika na uwachague wawili au watatu wa namna hii, uwafundishe, uwape nafasi rasmi na posho katika udiakonia. Na mwanafunzi wa theolojia, kabla ya kutumwa kwa familia zenye taabu, aketi kwanza miguuni pao.