Diski Kuukuu na Uhaba wa Nafasi Kampala

Diski ngumu iliyochomolewa kwenye kompyuta iliyokufa na kufomatiwa upya ni sehemu ya historia ya teknolojia jijini Kampala. Kwa miaka mingi, mafundi na wasanii wa jiji hilo waliipata nafasi ya kuhifadhi kazi zao kwa njia hiyo.

Diski ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa kubwa kama kabati, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Katika miaka ya 1980 diski zilipungua ukubwa na viunganishi vyake vikafanywa vya aina moja, hivyo diski ya mashine moja iliweza kufungwa kwenye nyingine. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoyapa uhai wa pili mabaki ya kompyuta za mtumba zilizoingia Uganda kutoka Ulaya na kwingineko. Ubao mkuu au kisambaza umeme kikiungua, mara nyingi diski hubaki nzima.

Kazi ya fundi ilibadilika kadiri viunganishi vilivyobadilika. Diski za zamani za IDE zilihitaji kijipini cha nyuma kupangwa, ili kompyuta itambue ipi ni ya kwanza na ipi ni ya nyongeza. Diski za SATA, zilizoanza kuuzwa mwaka 2003, ziliondoa usumbufu huo, na zikitiwa kwenye kasha lenye waya wa USB hubebeka mfukoni. Baada ya kuiunganisha diski, fundi hufuta mgawanyo wa zamani, huunda mpya, kisha huchagua mfumo wa faili. FAT32 husomwa na vifaa vingi, lakini haupokei faili inayofikia gigabaiti 4. Kwa sababu hiyo NTFS hufaa zaidi kwa video ndefu.

Umeme nao uliongeza kazi. Mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka, mabwawa ya Jinja yalipunguza uzalishaji na Kampala ikakumbwa na mgao mkali. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, orodha ya faili huweza kuvurugika. Kufomati huirudisha diski hiyo kazini, ila hakuponyi sehemu iliyoharibika kimwili.

Thamani ya kila gigabaiti ilionekana wazi Wakaliga, mtaa wa Kampala ambako Isaac Nabwana alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Nabwana alihariri filamu zake kwa kompyuta alizoziunda mwenyewe kutokana na vipuri vilivyotumika. Baada ya kuikamilisha *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010, alilazimika kuifuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Nakala iliyosalia ni ya DVD, yenye sauti ya VJ Emmie akiisimulia juu ya picha. Ndiyo iliyowekwa mtandaoni na kutazamwa na mamilioni ya watu, lakini filamu ya asili haikupatikana tena. Diski moja zaidi ingetosha kuinusuru.

Serikali nayo ilianza kuvitazama vifaa hivi kwa jicho la mazingira. Bajeti ya mwaka 2009/10 ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, televisheni na friji zilizotumika, na mwaka 2012 ikafuata sera ya taifa ya taka za kielektroniki. Kwa mtazamo huo, kuitumia upya diski iliyomo nchini kuna faida ya pili: huchelewesha safari yake ya kwenda jalalani.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 iliongeza sharti jingine. Taarifa binafsi ambazo muda wake wa kutunzwa umekwisha hupaswa kuharibiwa kwa namna isiyoruhusu kuundwa tena. Kufomati kwa haraka hakutimizi sharti hilo, kwani huanzisha orodha mpya ya faili tu, na data za zamani hubaki mpaka data mpya ziandikwe juu yake. Kufomati kikamilifu, tangu toleo la Windows Vista, huijaza diski nzima sifuri na kuonyesha sehemu zake mbovu. Huchukua saa nyingi, lakini humlinda mwenye diski wa kwanza na humhakikishia wa pili kwamba nafasi aliyoipata inaaminika.