Penye wengi pana mengi: somo la udongo wa Ukambani

Barabara ya Muindi Mbingu inapita kando ya soko la City Market, katikati ya Nairobi, na kila siku maelfu ya watu huitumia wakienda kwenye shughuli zao. Ni wachache wanaojua kuwa mwenye jina hilo aliingia katika mji huu mwaka 1938 akiongoza umati wa watu waliokuja kudai ng'ombe wao. Na ni wachache zaidi wanaojua kuwa chini ya mzozo ule wa ng'ombe lilikuwako swali ambalo dunia nzima ingali inabishania: je, watu wakizidi, ardhi hufa?

Wiki hii nataka tulitazame swali hilo, msomaji, kwa sababu hesabu zenyewe zimekuwa kubwa mno hata hazipuuziki. Binadamu alichukua maelfu ya miaka, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, kufikia watu bilioni moja duniani. Bilioni ya pili ilitimia mwaka 1927, ya tatu mwaka 1960, ya tano mwaka 1987 na ya sita mwaka 1999. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa tumefika bilioni nane. Hapa Kenya, hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilipata watu milioni 5.4. Ile ya mwaka 2019 ilipata milioni 47.6. Maana yake ni kwamba katika muda wa umri wa mtu mmoja, sahani moja mezani imekuwa karibu sahani tisa.

Hofu ya jambo hili ni ya kale. Mwaka 1798 kasisi mmoja wa Kiingereza, Thomas Malthus, aliandika kuwa watu huongezeka kwa kuzidishana, na chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu. Kwa hiyo lazima siku moja watu waipite akiba yao, na hapo njaa, maradhi na vita vitawapunguza. Hoja hiyo ni rahisi kuielewa, na ndiyo maana imeishi muda mrefu. Maofisa wa serikali za kikoloni walikuja nayo Afrika. Mahali walipoitumia kwa nguvu zaidi palikuwa vilima vya Machakos.

Katika miaka ya 1930, Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu wasiofika 240,000. Ilikuwa katika hali mbaya, hilo halina ubishi. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulishuka mitoni, makorongo yalichimbika kwenye malisho, na miamba ilibaki wazi kama mifupa ya mnyama aliyekonda. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame mwaka 1929, ikapigwa tena kati ya 1933 na 1935, na nzige nao hawakukosa. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo aliyesimamia mambo ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyowakatia tamaa kabisa wenyeji: alisema wanateleza kuelekea umaskini usio na matumaini, na nchi yao inageuka jangwa la mawe na mchanga. Sababu alizozitaja yeye na wenzake zilikuwa kwamba watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, na wenyeji hawajui kulima.

Jambo ambalo halikutiliwa uzito ni kwamba Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka. Walowezi walikuwa wamepewa ardhi nzuri ya vilima vya Mua. Nyika ya Yatta, ambako zamani mifugo ilipelekwa wakati wa kiangazi ili malisho ya nyumbani yapumzike, ilifanywa mali ya serikali, na mfugaji hakuweza tena kuingia kama mwenye haki. Mtu akifungiwa katika chumba kimoja na jamaa yake yote, kisha akaambiwa kuwa chumba kimechafuka kwa sababu jamaa yake ni kubwa mno, maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa lazima. Kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mwaka 1938 mifugo ikaanza kukamatwa na kupigwa mnada, ikauzwa kwa fedha kidogo. Kwa Mkamba wa wakati ule ng'ombe alikuwa ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo chakula cha mwaka wa njaa. Wenyeji wakaunda chama chao, na Julai mwaka huo maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakashika njia kwenda Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakakataa kuondoka. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa, kwani vijana wa Kikamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Kabla ya mwaka kwisha, amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilirudi na mpango mwingine, wa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Hapo mwanzo nao ulikuwa wa amri. Machifu waliwatoa watu asubuhi kwenda kuchimba, na kazi ya kulazimishwa haidumu: mtu alichimba leo ili asitozwe faini, kesho akaliacha tuta libomoke. Tena aina ya tuta iliyopendwa na maofisa ilikuwa ile nyembamba, yenye udongo unaotupwa upande wa chini. Ni rahisi kuchimba, lakini mvua kubwa hulipasua.

Mabadiliko yalikuja pale wakulima walipochagua wenyewe. Walichimba mtaro kukingama mteremko, na udongo wakautupa upande wa juu. Kazi hiyo ni nzito, kwa maana unapigana na mlima. Lakini ukingo ule hushika udongo unaoshuka, na mkulima akipanda nyasi juu yake, baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi zilizolala sawa, na maji ya mvua hutua hapo yakanywewa na ardhi. Tuta hilo huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Serikali nayo ilijifunza. Katika miaka ya 1950 vikundi vya jadi vya kusaidiana, yaani mwethya, viliruhusiwa kuchagua viongozi wao na shamba la kuanza nalo. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, kwa kuwa waume na wana walikuwa kazini mijini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna mtu anayeweza kuchonga mlima peke yake.

Mambo mengine yakafuata. Kahawa, ambayo Mwafrika alikuwa amezuiwa kuipanda, iliruhusiwa. Ardhi ya Makueni na Yatta ilifunguliwa. Kituo cha utafiti cha Katumani kilitoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Mji wa Nairobi ulikua, ukataka matunda na mboga, na mishahara ya waliokuwa mjini ikarudi nyumbani kununua jembe, plau na mabati. Ardhi ikawa na thamani, na kitu chenye thamani hutunzwa.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kilichowashangaza wengi. Waliweka picha zilizopigwa Machakos mwaka 1937 kando ya picha za mahali pale pale zilizopigwa mwaka 1991. Penye makorongo palikuwa na mashamba ya ngazi. Penye mawe matupu palikuwa na miti. Na wilaya ile, ambayo wakubwa walisema imezidiwa na watu 240,000, sasa ilikuwa na watu wapatao milioni 1.4. Kwa hesabu yao, mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka karibu mara tatu tangu miaka ya 1930. Watu walikuwa karibu mara sita, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Je, basi tumfukuze Malthus na kusema watu waongezeke watakavyo? Hapana, msomaji. Habari hii ina upande wa pili, na asiyeusema huo anadanganya kama yule asiyeusema wa kwanza.

Watafiti waliofuata walionyesha kuwa si kila nyumba ya Machakos ilipanda ngazi hizo. Aliyekuwa na mtoto mwenye mshahara Nairobi aliweza kutengeneza shamba lake. Asiyekuwa naye mara nyingi aliuza kipande baada ya kipande. Nairobi ilikuwa karibu, na si kila wilaya kavu ya Afrika ina mji wenye njaa ya mboga karibu nayo.

Lakini hasara kubwa zaidi haikumpata binadamu. Ili Makueni ifunguliwe kwa makazi, vichaka vilipaswa kufyekwa, na katika vichaka hivyo waliishi vifaru. Serikali ilimtuma mwindaji J. A. Hunter, naye kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua vifaru wapatao elfu moja. Ipime hesabu hiyo vizuri: vifaru weusi wote waliosalia Kenya nzima leo ni kama elfu moja. Idadi inayokaribia hiyo iliondolewa katika sehemu moja, kwa miaka miwili, ili watu wapate mahali pa kupanda mahindi. Na watu wale walihitaji mahindi kweli. Hawakuwa wezi wala wavivu. Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyama pori wakubwa wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977. Mikono mingi inaweza kuuponya udongo wa shamba. Lakini mikono mingi haiwezi kumrudisha kifaru katikati ya shamba hilo.

Kwa hiyo idadi ina uzito wake, na ni haki kuizungumzia. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967, mbele ya nchi nyingi za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Mwaka 1993 wastani ulikuwa 5.4, mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Hakuna askari aliyetumwa nyumbani kwa mtu kuleta badiliko hilo. Wasichana walikaa shuleni, watoto waliacha kufa kwa wingi, dawa zilipatikana zahanati, na wazazi wakapiga hesabu zao wenyewe. Ni njia ile ile ya tuta la fanya juu: lililoshindikana kwa amri liliwezekana kwa hiari.

Limebaki neno moja kwetu sisi wa mjini, ambao ndio tunaonunua gazeti hili. Hesabu ya vichwa peke yake haisemi ni nani anayeila ardhi. Mkenya mmoja, kwa wastani, hutoa chini ya tani moja ya hewa ya kaboni kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani kumi. Nasi wa Nairobi tuna Wamarekani wetu humu humu ndani, nao ni sisi wenyewe. Nenda leo katika mito ya Ukambani. Udongo ambao akina mama walikuwa wakiuzuia kwa jembe miaka yote ile unafuatwa na malori yanayobeba mchanga kuleta katika majengo ya mji. Mchanga ukiondolewa, mto hushuka, na maji yaliyokuwa yakihifadhiwa ndani yake hukauka. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ililazimika kutunga sheria ya kuulinda mchanga wake. Mito hiyo haikumalizwa na watoto wengi wa Makueni. Ilimalizwa na ghorofa zetu.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi, nao hawakusema kama mengi hayo ni mema au mabaya. Mwaka 1938 wakubwa waliwahesabu watu wa Machakos na ng'ombe wao, wakasahau kuihesabu ardhi waliyowanyang'anya. Leo nasi tukikaa kuhesabu watoto wa mwanakijiji, tuhesabu pia malori yanayotoka kijijini kwake, na tuulize mzigo ule unapelekwa kwa nani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.