Nchi Isiyokaa Farasi: Punda Mzee Katika Historia ya Karatu na Ngorongoro

Katika tabaka za majivu ya volkano huko Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, ambako watafiti wa Mary Leakey walifukua nyayo za binadamu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1970, zimehifadhiwa pia alama za kwato za hipariyoni, yaani jamaa wa kale wa farasi mwenye vidole vitatu katika kila mguu, na miongoni mwake zimo za mnyama mzima aliyepita hapo na mtoto wake yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ukoo wa farasi, basi, si mgeni katika nchi hii. Mgeni ni farasi wa kufugwa, ambaye mara nyingi alipoletwa alikufa kabla hajazoea malisho, ilhali ndugu yake punda kihongwe aliingia, akakaa, akafanya kazi na akazeeka. Hilo la kuzeeka limeandikwa kidogo mno, pengine kwa sababu waandishi wa kwanza walikuja kuhesabu ng'ombe, na ng'ombe ni habari ya wanaume.

Kilichomshinda farasi ni maradhi mawili. La kwanza ni nagana, ambalo vimelea vyake husambazwa na mbung'o, wale wanaoitwa pia ndorobo. Mnyama hukonda, hupungukiwa damu na hatimaye huanguka. La pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoletwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wadudu wadogo waumao hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, ambayo mara nyingi humjaza farasi maji mapafuni na kumuua ndani ya siku chache. Punda milia, ambao wamejaa katika kreta ya Ngorongoro na mbuga zake, huvibeba virusi hivyo bila kuugua, na punda kihongwe naye huugua kidogo au haonyeshi dalili kabisa. Kwa hiyo anayefuga farasi jirani na punda milia huwa ameweka zizi lake mlangoni mwa maradhi.

Wajerumani walilitambua jambo hili mapema, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walijaribu, upande wa Kilimanjaro, kuwakamata punda milia na kuwafunza kubeba na kuvuta, kwa hoja kwamba mnyama aliyezaliwa na maradhi hatauawa nayo. Hoja ilikuwa nzuri. Punda milia hawakuikubali. Ndani ya kreta yenyewe ndugu wawili, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ya mifugo hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Vita hiyo ndiyo iliyotoa somo chungu kuliko yote, pale kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer kiliposhuka Aprili 1916 kutoka Arusha kupitia Lolkisale hadi Kondoa, katikati ya masika, kikiacha mizoga ya farasi njia nzima. Katika kampeni nzima wanyama walikufa kwa maelfu mengi, baghala (mtoto wa punda dume na farasi jike) na punda wakiwamo, kwa kuwa hata punda hana dawa ya njaa na mzigo uliopita kiasi. Msemo wa punda afe mzigo ufike haujawahi kutekelezwa kwa ukamilifu namna hiyo.

Punda anayejulikana na wenyeji alikwisha kuwapo muda mrefu kabla ya hapo. Asili yake ni punda mwitu wa Afrika, aliyefugwa kaskazini-mashariki mwa bara hili maelfu ya miaka iliyopita, na kwa Wamaasai yeye ndiye aliyebeba ngozi, vibuyu na watoto wadogo wakati wa kuhama. Sotoka ilipofyeka ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, punda walibaki, kwa sababu ugonjwa huo huwapata wanyama wenye kwato zilizogawanyika. Mtafiti Oscar Baumann, aliyefika kwenye kreta Machi 1892, aliwakuta Wamaasai wamekonda kwa njaa, akaandika kuwa mzoga wa punda kwao ulikuwa karamu. Na jinsi Wamaasai wasivyokula punda, habari hiyo inaeleza ukubwa wa janga kuliko hesabu yoyote ya ng'ombe waliokufa.

Katika boma la Kimaasai punda huhudumiwa zaidi na wanawake, ambao huwafuata mtoni na sokoni. Kazi hiyo iliongezeka uzito baada ya kilimo kupigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1975, kwa maana mahindi sharti yatoke nje, na nje kwa sehemu kubwa ni Karatu, ambako Wairaqw walikuwa wamepanua mashamba yao katika karne ya 20. Marufuku ililegezwa mwaka 1992 kisha ikarudishwa, lakini njia ya nafaka haikufutika.

Katika njia kama hiyo punda mzee ana thamani asiyo nayo kijana, kwa kuwa anaijua njia, na vijana humfuata. Umri wake husomwa mdomoni: meno ya mbele ya kudumu hukamilika yapata mwaka wa tano, na baada ya hapo mfugaji huangalia yalivyolika na yanavyozidi kulala kuelekea mbele. Magego yakishachakaa, mabua makavu hayatafuniki tena, na punda huangusha madonge ya majani yaliyotafunwa nusu. Huyo huhitaji pumba zilizolowekwa. Baada ya mavuno huja mizigo, na hapo ndipo hesabu inapokataa, kwani gunia la mahindi ni kilo 100 na punda wa kienyeji aghalabu hazidi kilo 150, ilhali inashauriwa asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kiangazi hufichua vidonda vya mgongoni, hasa pale mabega yanapokutana, ambako gunia lisilo na kitambaa chini yake husugua mfupa. Masika hulainisha kwato na kuziozesha. Tena punda huficha maumivu, hata mgonjwa husimama kimya kama mwenye afya. Akiacha kula, mzee hasa, mafuta hufurika katika damu yake na uhai wake huwa wa kuhesabu siku.

Hatari mpya haikutoka mbugani. Ngozi za punda zilianza kutafutwa kwa ajili ya gundi inayotumika katika dawa za Kichina, machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga, na punda mzee, ambaye zamani hakuwa na bei ila kwa mwenye njia, akawa na bei sawa na wengine, kwa kuwa mnunuzi wa ngozi haulizi anajua njia gani. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha barani kote kwa miaka 15.